Maswali ya Wasomaji: Hamira Inapokula Sukari, Sukari Huishia Wapi?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi kwamba hamira, ile ile inayouzwa dukani kwa ajili ya maandazi na boflo, hutumika viwandani kutengeneza dawa, manukato na vikolezo vya chakula. Barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu afanye nini ili hamira impe kwa wingi kile anachokitaka yeye, badala ya kile inachokitaka yenyewe. Tumechagua barua tano. Tumezifupisha bila kubadilisha maana.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa nyumbani, ninapika maandazi na mikate ya kuuza. Wateja wangu wanapenda harufu ya viungo, kwa hiyo nimezidisha karafuu na mdalasini wa unga, na sukari pia nimeiongeza. Tangu hapo donge langu linachelewa kuumuka, na siku nyingine haliumuki kabisa. Hamira ni ile ile na ninainunua duka lile lile. Kosa liko wapi? *Mpishi, Wete.*

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Usiilaumu hamira wala mwenye duka. Hamira ni kiumbe hai, kuvu wa chembe moja asiyeonekana kwa macho, ambaye wataalamu humwita Saccharomyces cerevisiae, na wewe umemtilia sumu ndani ya chakula chake. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa, kati ya asilimia 70 na 90, ni kemikali iitwayo yujenoli. Hiyo ndiyo inayotoa ile harufu na ndiyo inayotia ganzi jino linalouma. Mdalasini nao una sinamaldehaidi. Mimea haikuziweka kemikali hizi kwa ajili ya maandazi yetu bali kwa ajili ya kujikinga na kuvu na bakteria: hupenya katika utando wa chembe na kuufanya uvuje. Hamira kwa kuwa ni kuvu haisalimiki.

Sukari nayo imeongeza tatizo. Ikiwa kidogo, ni chakula. Ikizidi takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa unga, huanza kuvuta maji kutoka ndani ya chembe za hamira. Ili isikauke, hamira hulazimika kuchukua sehemu ya sukari hiyo hiyo na kuigeuza gliseroli, kitu kama asali nyepesi kinachobaki ndani ya chembe na kushika maji. Sukari iliyokwenda kwenye gliseroli haikwenda kwenye gesi ya kuumua donge. Tafadhali likumbuke jambo hili, kwa kuwa litarudi katika barua ya tatu.

Tunakushauri uchanganye hamira na maji ya uvuguvugu, nusu ya unga na sukari ya kuchota kwa ncha ya kijiko tu, uache uji huo mzito uumuke hadi ujae mapovu, ndipo utie tui, sukari iliyobaki na viungo. Hamira ikishaongezeka na kupata nguvu huvumilia zaidi. Karafuu ipunguze, harufu uiachie iliki, ambayo kwa kiasi kinachotiwa katika maandazi haiisumbui hamira. Na kama wateja wako hawawezi kuikosa karafuu, fanya kama wanavyofanya wapishi wa kaimati: viungo vikali vyote vitie katika shira, si katika donge.

Tumeiweka barua yako mwanzo kwa sababu shida yako ndiyo shida kubwa ya viwanda. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba wameifanya hamira itengeneze vanilini, kemikali yenye harufu ya vanila, kutokana na sukari. Vanilini hiyo iliiua hamira iliyoitengeneza, kama karafuu yako inavyofanya. Walichofanya ni kuipa hamira jeni ya mmea mdogo wa jamii ya kabichi, ambayo huipachika kila molekuli ya vanilini kipande cha glukosi. Vanilini ikishavikwa glukosi haina ukali tena, na hamira huendelea kuitengeneza. Glukosi huvuliwa baadaye nje ya tanki. Ganda bichi la vanila lenyewe huhifadhi vanilini yake kwa namna hiyo hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa sayansi. Nimesoma kwamba dawa ya malaria inaweza kutengenezwa kwa hamira, na kwamba mwaka 2006 ilipatikana miligramu 100 tu kwa lita, lakini mwaka 2013 ikafika gramu 25 kwa lita. Ongezeko hilo la mara 250 lilipatikanaje? Je, waliizidishia hamira sukari? *Mwanafunzi, Unguja Mjini.*

JIBU: Hapana, mwanangu. Tena mojawapo ya siri za kazi hiyo ni kuibania hamira sukari. Swali lako linastahili jibu refu, kwa hiyo vumilia.

Artemisinini ndiyo kiini cha dawa mseto ya malaria, ambayo Zanzibar ilianza kuitumia mwaka 2003 badala ya klorokwini. Asili yake ni mmea wa China uitwao Artemisia annua, na Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina aliyeigundua dawa ndani ya mmea huo, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Mmea huo huchukua miezi kadhaa shambani, na majani yake makavu huwa na artemisinini ya asilimia 1 hivi au pungufu. Wakulima wakipanda kidogo bei hupaa. Msimu unaofuata kila mtu hupanda, na bei huporomoka. Kwa sababu hiyo Jay Keasling na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitafuta njia ya kuihamishia kazi hiyo kwenye hamira. Hamira yao haitoi artemisinini kamili. Hutoa asidi ya artemisini, ambayo wanakemia huigeuza kuwa dawa yenyewe nje ya tanki.

Sasa ifuate sukari. Ndani ya hamira glukosi huvunjwa vipande, na baadhi ya vipande hivyo huunganishwa hatua kwa hatua hadi ipatikane molekuli iitwayo farnesili pirofosfati. Hiyo ndiyo njia panda. Hamira ikiachwa na tabia yake, sehemu kubwa ya farnesili hugeuzwa kuwa ergosteroli, mafuta ambayo bila hayo utando wa chembe hausimami. Watafiti waliingiza jeni kutoka Artemisia annua ili farnesili hiyo igeuzwe amofadieni, ambayo ni hatua ya kwanza kuelekea dawa. Jeni peke yake ilitoa kidogo mno. Ikabidi kufanya mambo mawili kwa pamoja. Juu ya njia panda walimshughulikia kimeng'enya mmoja (kimeng'enya ni protini inayoendesha hatua fulani ya kazi ya chembe) ambaye hamira humtumia kama breki: walikata sehemu yake inayopokea amri za kupunguza kasi, kwa hiyo akafanya kazi bila kusimama. Chini ya njia panda waliubana ule mlango wa kuelekea ergosteroli. Waliubana bila kuufunga, kwa kuwa hamira isiyo na ergosteroli hufa, na hamira iliyokufa haimpi mtu chochote. Kwa mbinu hizo, pamoja na kimeng'enya mwingine wa mmea, ndipo zilipopatikana zile miligramu 100 za mwaka 2006.

Kilichofuata ndicho ningependa ukizingatie zaidi. Walihamia aina nyingine ya hamira inayofaa zaidi kwa kazi za kiwandani, wakaongeza nakala za jeni za vimeng'enya vyote vya njia ya juu, na amofadieni ikafika gramu 40 kwa lita. Mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini kuigeuza amofadieni hiyo kuwa asidi kulikwama. Kimeng'enya anayeifanya kazi hiyo hupokea elektroni kutoka kwa mwenzake, na watafiti walikuwa wamempa mwenzake huyo nguvu kubwa kwa imani kwamba akiwa mwingi kazi itakwenda mbio. Kumbe wingi wake ndio uliokuwa ukiidhuru chembe. Walipompunguza, hamira ilipata afya. Kisha waligundua kwamba katikati ya njia hujikusanya aldehaidi yenye sumu, wakaongeza vimeng'enya vingine kutoka katika mmea ule ule ili aldehaidi hiyo isikae, igeuzwe asidi mara inapotokea. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko unaloliuliza ilitokana na kupunguza kitu, si kukizidisha.

Asidi yenyewe ikizidi ndani ya tanki huganda na kushikamana na chembe. Dawa yake ilikuwa kumimina juu ya mchanganyiko tabaka la mafuta ya aina inayotumiwa katika vipodozi, isopropili miristati, ili asidi ihamie humo kila inapotoka kwenye hamira. Mafuta hayo hayaidhuru hamira, na mwisho wa kazi asidi huchukuliwa kutoka humo.

Tumebakiwa na sukari. Hamira ina tabia moja ya ajabu: ikiona glukosi nyingi, hata kama oksijeni ipo tele, hukimbilia kuigeuza kuwa ulevi, yaani ethanoli, na kuacha njia nyingine zote. Ukiitilia sukari yote kwa mara moja, unapata tanki la ulevi. Wenye viwanda vya hamira ya mikate walilijua jambo hili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakaanza kuitia molasesi kidogo kidogo huku wakipuliza hewa. Kwa njia hiyo gramu 1 ya sukari huweza kutoa karibu nusu gramu ya hamira kavu, ilhali bila hewa hutoa karibu sehemu moja ya kumi tu. Katika tanki la leo kuna kipimo cha oksijeni kilichozamishwa ndani ya mchanganyiko. Hamira inapokula hupumua, na oksijeni hushuka. Inapomaliza chakula huacha kupumua kwa nguvu, na oksijeni hupanda ghafla. Kompyuta ikiona mpando huo huiamuru pampu idondoshe sukari kiasi, oksijeni inashuka tena, na mchezo huo huendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa. Hamira haishibi wala haifi njaa.

Jambo moja la kukusaidia katika masomo yako: ukisoma kwamba mavuno yameongezeka, uliza ni mavuno yapi. Wengine huhesabu gramu kwa kila lita ya tanki, wengine gramu kwa kila gramu ya sukari iliyotumika, wengine gramu kwa kila saa. Magazeti hupenda hesabu ya kwanza kwa sababu hupanda kwa kishindo. Mwenye kiwanda, ambaye sukari ndiyo gharama yake kubwa, hukesha na ya pili.

SWALI: Ninafundisha kemia, na wanafunzi wangu wanaamini kwamba bila kugusa jeni hamira haiwezi kubadilishwa tabia. Je, kuna mfano wa kuwaonyesha kwamba mavuno yaliwahi kuongezwa kwa kemia tu? *Mwalimu, Chake Chake.*

JIBU: Upo, mwalimu, na ni wa zamani kuliko ufundi wenyewe wa kubadilisha jeni.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza ziliifungia Ujerumani njia za baharini, na mafuta ya kutengenezea gliseroli yakaadimika. Bila gliseroli hakuna nitrogliserini, na bila nitrogliserini vilipuzi hupungua. Mwanakemia Carl Neuberg alikuwa ameonyesha kwamba ukitia chumvi ya salfaiti katika sukari inayochachuliwa na hamira, mkondo hubadilika. Ili wanafunzi waelewe kwa nini, waandikie ubaoni hatua za mwisho za uchachuaji. Glukosi inapovunjwa, hamira huondoa hidrojeni na kuipakia kwenye kibebaji kiitwacho NAD. Vibebaji hivyo ni vichache, kwa hiyo lazima vishushe mzigo ili vitumike tena. Kwa kawaida hidrojeni hukabidhiwa asetaldehaidi, ambayo kwa kuipokea hugeuka ethanoli. Salfaiti huikamata asetaldehaidi na kuifunga. Hamira, ikiwa imekosa pa kushushia mzigo, hukabidhi hidrojeni kwa molekuli nyingine iliyo nyuma kidogo katika njia hiyo, na zao lake ni gliseroli, ile ile tuliyoitaja kwa mama wa Wete. Kwa mbinu hiyo Ujerumani ilifikia uzalishaji wa takriban tani 1,000 za gliseroli kwa mwezi. Hakuna jeni hata moja iliyoguswa.

Njia nyingine isiyohitaji kugusa jeni kwa mkono ni uteuzi. Hamira hujigawa kwa muda wa saa mbili hivi ikiwa katika hali njema, kwa hiyo mtu anaweza kuikuza katika mazingira magumu, tuseme yenye chumvi au ulevi mwingi, akawa anahamisha kila siku kiasi kidogo cha zile zilizostahimili kwenda chombo kipya, na baada ya miezi michache akawa na kizazi kigumu kuliko kile cha mwanzo. Ila waonye wanafunzi: uteuzi wa namna hii huchagua anayekua haraka, na anayekua haraka si lazima awe ndiye anayetoa zao. Chembe inayotumia sukari yake kutengeneza dawa hukua polepole kuliko ile iliyoacha kazi hiyo, na usipoangalia, wavivu ndio watakaorithi tanki.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama tunaotengeneza mafuta ya nazi. Kila siku tunamwaga ndoo za maji ya nazi. Tumejaribu kuyageuza siki, lakini inatoka dhaifu, na mara nyingine ina harufu ya mayai viza. Tufanyeje iwe kali? *Kikundi cha wajasiriamali, Makunduchi.*

JIBU: Hongereni, akina mama. Siki yenu ni dhaifu kwa sababu ya hesabu, si kwa sababu ya ufundi. Siki hupitia mikono miwili: kwanza hamira hugeuza sukari kuwa ulevi, kisha bakteria wa siki hugeuza ulevi kuwa asidi. Gramu 100 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 51 za ulevi, kwa kuwa zilizobaki hutoka kama gesi, na gramu 51 za ulevi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 66 za asidi. Hiyo ni karatasini. Kwa vitendo, baada ya hamira kula sehemu yake na ulevi kiasi kuruka na hewa, mkipata gramu 50 mmefanya vyema. Siki nzuri ya kuuza huwa na asidi ya asilimia 4 au 5, yaani gramu 40 hadi 50 kwa lita, kwa hiyo, ili kuwe na akiba, ni bora kila lita ianze na sukari ya gramu 100 hadi 120. Maji ya nazi iliyokomaa mara nyingi hayafiki hata nusu ya hapo. Ongezeni sukari, kiasi cha gramu 80 hivi kwa lita, myachemshe, myaache yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo mtie hamira, kijiko kidogo kimoja kwa lita tano.

Harufu ya mayai viza ni malalamiko ya njaa. Sukari si chakula kamili. Hamira inahitaji naitrojeni ili ijenge protini zake, na maji ya nazi yaliyoongezwa sukari yana naitrojeni chache kulinganisha na sukari iliyomo. Ikiikosa, hutoa gesi yenye salfa. Wakati wa kuchemsha maji hayo, tieni kijiko kimoja cha hamira ndani yake ichemke pamoja nayo. Hamira hiyo itakufa, na mwili wake utakuwa chakula cha ile hai mtakayoitia baadaye.

Katika hatua ya kwanza hewa haitakiwi. Tumieni dumu lenye mfuniko uliotobolewa na kupitishwa mpira mwembamba, na ncha ya pili ya mpira izame katika chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Katika joto letu mapovu huisha ndani ya wiki moja hivi. Hatua ya pili ni kinyume chake: bakteria wa siki hawafanyi kazi bila hewa. Mimineni katika vyombo vipana, msivijaze, mtie siki hai isiyochemshwa kiasi cha sehemu moja kwa nne, mfunike kwa kitambaa chepesi ili inzi wasiingie, na msiutikise utando utakaotanda juu. Vyombo viwe vya kioo, vya udongo uliopakwa vizuri, au vya plastiki inayofaa kwa chakula. Sufuria ya alumini huliwa na asidi. Baada ya wiki tatu au nne onjeni. Ukali ukishatimia, chujeni, mpashe moto kidogo na mjaze chupa hadi shingoni, kwa kuwa ulevi ukiisha na hewa ikiwepo, bakteria hao hao huanza kuila asidi waliyoitengeneza, na siki yenu hurudi kuwa dhaifu ikiwa rafuni.

Kuhusu hukumu ya siki iliyopitia hatua ya ulevi, hilo ni la kuulizwa masheikh na si sisi. Kabla ya kuuza, onaneni na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Jambo la kwanza watakalotaka kujua ni kiwango cha asidi, na hicho msikikisie kwa ulimi.

SWALI: Nina mikarafuu niliyorithi kwa marehemu baba. Kijana wangu ananiambia kwamba Wazungu wataifanya hamira itoe mafuta ya karafuu ndani ya mapipa na sisi tutakufa njaa. Je, ni kweli? *Mkulima, Mkoani.*

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Kijana wako amefuatilia habari, ila kwa karafuu hofu yake haina msingi mkubwa, na sababu ni ile ile ya hesabu.

Karafuu kavu ina mafuta ya takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli. Ni mimea michache duniani inayotoa kitu kimoja kwa wingi namna hiyo. Hata makonyo na majani, ambayo si zao kuu, hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha makonyo cha Wawi. Anayetaka kushindana na mkarafuu kwa kutumia hamira itambidi anunue sukari, ajenge matanki, alipe umeme wa kupuliza hewa, kisha ahangaike na jambo ambalo mama wa Wete tayari analijua, kwamba yujenoli huiua hamira. Atatumia fedha nyingi ili apate kitu ambacho mti wako unakitoa kwa mvua na jua.

Hamira ina faida pale mmea unapotoa kidogo mno. Chukua ua la vinka, lile la waridi au jeupe linalopandwa katika bustani zetu, ambalo asili yake ni Madagaska. Ndani yake mna vinblastini, dawa ya saratani, lakini huhitajika takriban kilo 500 za majani makavu ili kupata gramu 1. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wameifanya hamira itengeneze sehemu mbili ambazo zikiunganishwa hutoa vinblastini, baada ya kuiingizia zaidi ya jeni 30. Mavuno yao bado ni madogo sana, lakini hapo hata kidogo kina thamani. Mfano mwingine ni farneseni, mafuta yanayogeuzwa kuwa vipodozi na vilainishi: mwaka 2016 kampuni ya Amyris ilitangaza kwamba hamira yake hutoa zaidi ya gramu 130 kwa lita katika matanki ya lita 200,000. Kazi hiyo waliipeleka Brazil, kwenye miwa, kwa sababu hata hamira ina shamba lake, na shamba hilo ni la sukari.

Tena mavuno makubwa ya tanki hayamaanishi ushindi sokoni. Ile asidi ya artemisini ya gramu 25 kwa lita ilifika kiwandani: kampuni ya Sanofi ilianza kutengeneza artemisinini kwayo huko Garessio, Italia, mwaka 2013. Gharama yake ilikuwa dola 350 hadi 400 kwa kilo. Wakati huo huo wakulima wa Artemisia walikuwa wamepanda kwa wingi, na bei ya artemisinini ya shambani ikashuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 kiwanda hakikutengeneza chochote, na baadaye kikauzwa.

Pigo la kweli kwa karafuu katika jambo hili lilikwisha kutokea zamani, na halikutoka kwa hamira. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 yujenoli ya karafuu ilitumika viwandani kutengenezea vanilini, hadi miaka ya 1930 ilipogunduliwa kwamba vanilini inaweza kupatikana kwa bei nafuu kutokana na mabaki ya viwanda vya karatasi. Baadaye ikaja inayotengenezwa kwa mafuta ya petroli, na hiyo ndiyo inayotawala soko hadi leo. Kwa karafuu yenyewe, aliyebeba bei kwa miaka mingi ni mvuta sigara wa Indonesia, ambaye sigara zake huchanganywa na karafuu, na nchi yake sasa inalima nyingi kuliko nchi yoyote.

Kama kijana wako anafikiria kuongeza vanila chini ya mikarafuu, kama wanavyofanya baadhi ya wakulima, hapo maswali yake yana uzito zaidi. Ganda la vanila lililotayarishwa vizuri lina vanilini ya asilimia 2 hivi pamoja na mamia ya kemikali nyingine ambazo hakuna hamira inayozitoa zote kwa pamoja. Mnunuzi anayetaka ganda zima kwa ajili ya harufu yake kamili hatakimbilia tanki. Mnunuzi anayetaka vanilini tu ana mahali pengi pa kuipata kwa bei ndogo. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, kijana amtafute mnunuzi na amuulize ni yupi kati ya hao wawili.